Ukili wa Bibi na Fremu 30 kwa Sekunde

Kijana mmoja wa Pemba, anayesomea kompyuta Unguja, alirudi kwao likizo na nia njema: kumrekodi bibi yake akisuka ukili. Bibi alikuwa na miundo ambayo binti zake wenyewe hawakuishika, na kila mkono wake ulipofanya kazi mdomo nao ulieleza. “Hapa ruka mbili, chukua moja. Hapa usikaze, chane itakatika.” Kwa somo la namna hiyo, sauti na picha ni kitu kimoja. Neno “usikaze” likisikika wakati vidole vimeshahamia kwenye zamu nyingine, mwanafunzi anafundishwa makosa, na wala hajui.

Vifaa vyake havikuwa vibaya. Alikuwa na kompyuta mpakato yenye Linux, kamera ya USB na maikrofoni ya kuchomeka. Aliandika programu fupi ya Python iliyotumia OpenCV kuchukua picha kutoka kwenye kamera na kuziandika kwenye faili la AVI. Programu hiyo aliiambia kwamba kasi ni fremu 30 kwa sekunde. Sauti ilirekodiwa pembeni na arecord, programu ya kurekodi sauti kwenye Linux. Adhuhuri alijaribu kwa dakika moja barazani, mdomo na sauti vikaenda sambamba. Akaridhika.

Kazi yenyewe ilianza saa kumi na moja na nusu jioni, chumbani, bibi amekaa karibu na dirisha. Walimaliza baada ya saa nzima, jua likiwa limekwisha kuzama. Kijana alipofungua mafaili akakuta sauti ina dakika 60 na picha ina dakika 50. Mwanzo ulikuwa mzuri. Mwishoni bibi alijitazama kwenye kioo cha kompyuta akauliza: “Mbona mkono wangu unakwenda mbio hivi, baba? Mimi sisuki hivyo.”

Bibi aliona kitu ambacho mjukuu hakukiona, na jibu lote limo katika swali lake. Ni mkono uliokwenda mbio. Sauti haikuwa na kosa. Na haukwenda mbio tangu mwanzo, ulianza pale chumba kilipoanza kuwa na giza.

Kamera nyingi za USB hurekebisha mwangaza zenyewe. Mwanga ukipungua, kamera huacha kila fremu ikusanye nuru kwa muda mrefu zaidi. Sasa fremu inayohitaji sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde haiwezi kutoka mara 30 katika sekunde hiyo hiyo. Basi kamera hupunguza kasi kimya kimya, bila onyo lolote. Katika rekodi hii dakika 36 za mwanzo zilikuwa na fremu 30 kwa sekunde, dakika 12 zilizofuata zikawa na 20, na 12 za mwisho zikawa na 15. Jumla ni fremu 90,000 badala ya 108,000. OpenCV haikukosea. Iliambiwa fremu ni 30 kwa sekunde, na sehemu yake inayoandika video haiandiki kila fremu ilichukuliwa saa ngapi. Hupanga fremu kwa kasi iliyopewa basi. Fremu 90,000 kwa kasi ya 30 ni dakika 50 kamili.

Hadi hapo hakuna kilichoharibika. Faili la namna hiyo linatengenezeka: unalikata pale kasi inapobadilika, kipande cha pili unakirefusha mara 1.5, cha tatu mara 2, kisha unaviunga. Panapobadilika panaonekana kwa macho, maana picha inatiwa giza na mkono unashika mbio kwa pamoja.

Yeye alichukua njia ya mkato. Aligawa 60 kwa 50, akapata 1.2, akaipa ffmpeg, programu ya kushughulikia video, amri ya setpts irefushe picha yote kwa kiasi hicho. Urefu ukalingana, na alipotazama sekunde za mwanzo na za mwisho akaona mambo sawa. Laiti angefungua dakika ya 36. Pale sauti ya bibi ilikuwa inasemea picha ya dakika ya 30, dakika sita nzima nyuma. Kisha akalibana faili liwe dogo la kutuma WhatsApp kwa ndugu zake, na kwa kuwa diski ilikuwa imejaa, akafuta AVI ya asili.

Kufuta ndiko kulikoua kazi. Hesabu ya 1.2 ingeweza kutenguliwa. Picha iliyobanwa haitenguliki: chane za ukindu, ambazo upana wake haufiki ule wa kidole, ziligeuka utando wa kahawia, na zamu ya kuruka mbili haikuonekana tena.

Nasikia ushauri mmoja ukitolewa kila mtu anapolalamika kwamba sauti na picha haziendi pamoja: sogeza sauti kidogo. Ushauri huo unafaa kwa ugonjwa mmoja tu, na unapewa wagonjwa wote. Ikiwa sauti imechelewa kwa nusu sekunde mwanzoni na kwa nusu sekunde ile ile mwishoni, hapo kweli ni kusogeza. Ffmpeg ina itsoffset, na programu ya kurekodi ya OBS ina sehemu ya kuandika idadi ya milisekunde kwenye mipangilio ya juu ya sauti. Mara nyingi chanzo ni kwamba kamera na maikrofoni hazikuanza kwa wakati mmoja, au maikrofoni ni ya Bluetooth. Lakini tofauti ikikua kadiri rekodi inavyoendelea, kusogeza kunahamisha kosa tu kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Na tofauti inaweza kukua hata mwanga usipobadilika. Kamera ina saa yake ndani, kadi ya sauti ina yake, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawa kabisa. Zikipishana kwa sehemu 50 tu katika milioni, baada ya saa moja ni milisekunde 180. Si nyingi, lakini Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, katika pendekezo lake la BT.1359, unaeleza kwamba mtazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 au ikichelewa kwa 125. Dawa ya ugonjwa huu ni kubadili mwendo wa sauti kidogo sana. Sauti iliyochelewa milisekunde 180 mwisho wa saa moja inatengenezwa kwa amri ya ffmpeg ya atempo ikiwekwa 1.00005, na hakuna sikio litakalojua.

Utaujuaje ugonjwa? Piga kofi mbele ya kamera unapoanza na piga jingine kabla ya kuzima. Fungua rekodi, tafuta fremu ambayo viganja vinakutana, tafuta mahali wimbi la sauti linaporuka juu, andika tofauti. Fanya hivyo kwa makofi yote mawili. Na kama kazi ni ndefu, piga na la katikati, kwa sababu makofi mawili yasingemwokoa kijana wetu: baada ya kurefushwa, mwanzo na mwisho wa faili lake vilikuwa sawa.

Kuhusu kamera, kinga ni rahisi kuliko tiba. Amri ya v4l2-ctl --list-ctrls inaonyesha mipangilio yote ya kamera. Tafuta exposure_dynamic_framerate, ambayo kwenye Linux za zamani inaitwa exposure_auto_priority, uiweke 0. Picha itakuwa na giza zaidi, lakini kasi haitashuka; giza unaliondoa kwa kuwasha taa. Halafu angalia kamera inatoa picha za aina gani. Picha ghafi za YUYV za 1280 kwa 720, fremu 30 kwa sekunde, zinahitaji kama megabiti 442 kila sekunde, na USB 2.0 yote ina 480 kwenye karatasi. Kwa hiyo kamera nyingi kwa ukubwa huo hutoa fremu chache sana zikiombwa YUYV, na hutoa 30 zikiombwa MJPEG. Iombe MJPEG. Tena, acha ffmpeg yenyewe ichukue kamera na sauti pamoja na kuziandika kwenye faili la MKV bila kubadili picha:

ffmpeg -f v4l2 -input_format mjpeg -framerate 30 -video_size 1280x720 -i /dev/video0 -f pulse -i default -c:v copy -c:a pcm_s16le somo.mkv

Faili litakuwa kubwa. Lakini MKV inahifadhi muda wa kila fremu, hivyo kamera hata ikilegea, fremu inabaki mahali pake.

Bibi alikubali kurekodiwa tena, asubuhi, mlango umefunguliwa wazi. Safari hii kijana alijaribu kwanza kwa saa nzima, kamera ikitazama saa ya ukutani inayogonga, ndipo akamwita. Somo lilitoka zuri na mafaili yake ya asili yapo kwenye diski mbili. Ila muundo aliousuka jioni ile, wa rangi tatu, bibi hakuurudia, kwa sababu ukindu uliotiwa rangi ulikuwa umekwisha na msimu wa kuukata haukuwa umefika. Likizo iliisha kabla.

Kama nawe una rekodi ya mzee wako ambayo mdomo na sauti vimeachana, usiitengeneze leo. Leo nunua au azima diski, nakili faili kama lilivyo, kisha lipime mwanzo, katikati na mwisho. Kutengeneza kutakusubiri.