Watoto wa Ghorofani, Nyumba ya Mgogoni

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, kijana mmoja wa hapa Mgogoni, Pemba, alinishika mkono akaniomba nikaione nyumba yake. Yeye na mkewe wanakaa Wete, fleti ya ghorofa ya tatu, na watoto watatu. Mkubwa ana miaka 7, mdogo bado ananyonya. Kiwanja kapewa na babake, pembezoni mwa mikarafuu. Tulikuta kuta zimefika linta. Paa hakuna. Sebuleni mmeota majani yanayofika magotini, na mifuko miwili ya saruji imeganda, imekuwa jiwe, kwa kuwa fedha za fundi zilikatika kazi ikiwa njiani. Alinitembeza chumba kwa chumba akinionesha kwa mkono: hapa watalala wa kike, hapa wa kiume, huku nyuma ua wa kuchezea. Kisha akasema neno ambalo limekaa nami wiki nzima: "Maalim, tukishahamia huku ndipo nitakapowalea vizuri."

Mwanawe wa miaka 4 tulikuwa naye. Kapanda juu ya lundo la mchanga, anachimba kwa kifuu. Alipochoka akaja kumvuta babake kanzu. "Baba, twende nyumbani."

Nyumbani kwake ni Wete. Ni ile fleti.

Kwetu sisi majumba haya ya ghorofa si mageni. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Mzee Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, alitaka kila Mzanzibari apate makaazi ya kisasa. Kikwajuni zikajengwa fleti kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, Michenzani yakafuata yale majumba marefu yanayokutana penye mzunguko wa barabara, na huku Pemba yakasimama Wete, Chake Chake na Mkoani. Wako waliotoka nyumba ya udongo na makuti wakaingia penye umeme na choo cha ndani. Hiyo ni neema, na neema haikufuriwi. Lakini Mpemba hata ukimpa ghorofa, moyo wake hubaki kiamboni. Anataka mlango unaofunguka chini, pa kuanikia karafuu, na baraza ya kumkaribishia mgeni. Basi hujenga kidogo kidogo. Mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Mwaka wa neema hununua mabati, mwaka wa uhaba hungoja. Hivyo ndivyo nyumba inavyokula miaka kumi na zaidi, na miaka hiyo ndiyo hiyo hiyo ya utoto wa mtoto.

Sisemi kutamani nyumba ni kosa. Mtume, rehema na amani zimshukie, ameihesabu nyumba yenye nafasi katika mambo ya furaha ya mtu, na zimepokewa kwake dua za kumuomba Mungu msamaha na wasaa wa nyumba kwa pamoja. Ombeni, na jengeni. Ninachokiogopa ni lile neno "ndipo".

Nimelea ghorofani mwenyewe, nayajua. Najua mama anavyoamka na "shh" mdomoni na kulala nayo: msirukeruke, wa chini wamelala, msiburure kiti, wa chini wana mgonjwa. Najua siku maji yasipopanda, ndoo moja kichwani, mtoto ubavuni, na mwengine nyuma kashikilia kanga. Mlango wa roshani hufungwa kwa kamba kwa hofu ya mtoto kuchungulia. Mama wa namna hii akiota ua haoti anasa, anaota kupumzika. Nyinyi akina baba, mnaotoka asubuhi na kurudi jioni, lijueni hilo kabla hamjamwambia asubiri.

Mimi nilimwambia mke wangu asubiri. Kila senti ya ziada niliipeleka Mgogoni, na kila Jumapili nilikuja huku kumsimamia fundi, watoto nimewaacha. Nyumba iliisha. Wiki ya kuhamia ndiyo wiki tuliyopokea posa ya binti yetu mkubwa. Katika chumba nilichomjengea alilala miezi minne. Siku hizi akikaa na wadogo zake wakikumbuka utoto wao, hawaitaji nyumba hii hata mara moja. Wanaikumbuka ngazi ya Wete, na yule bibi wa juu aliyekuwa akiwasikia wakilia huteremka na maandazi. Mimi katika hadithi zao nimo kidogo. Nalisema hili kwa uchungu, na nalisema ili kijana wangu alisikie.

Na ili tuone kuwa malezi hayangoji nyumba kubwa, tuvifikirie vyumba alivyoishi Mtume Madina, vile ambavyo sura nzima ya Kurani, Al-Hujurat, imepewa jina lake. Vilikuwa vya udongo na makuti ya mtende, ubavuni mwa msikiti. Bibi Aisha amesimulia kuwa Mtume akisali usiku naye kalala mbele yake, alipotaka kusujudu alimgusa ili akunje miguu. Hasan al-Basri ameeleza kuwa alipokuwa kijana aliingia katika vyumba hivyo na mkono wake ukafika dari. Humo ndimo wajukuu wa Mtume walimojua mapenzi ya babu. Na msikitini, mjukuu alipompanda mgongoni naye yumo katika sijda, aliirefusha sijda hiyo watu wakashangaa, kwa kuwa hakupenda kumharakisha mtoto. Mgongo wake ulikuwa ndio uwanja.

Na katika Surat An-Nahl, Mwenyezi Mungu anapotukumbusha kuwa katujaalia majumba tupate utulivu, papo hapo anataja mahema ya ngozi, mepesi ya kubeba siku ya safari. Nimeisoma aya hiyo tangu chuoni, na ni mwaka huu tu nimeona kuwa nyumba na hema zimehesabiwa neema pamoja. Aliyekuwa njiani naye kapewa pa kukaa.

Mtoto wa miaka 4 hajui kuwa mnasubiri. Kwake yeye maisha yameshaanza, na adabu anayojifunza sasa, kupunguza sauti kwa ajili ya jirani, kumsalimia mzee ngazini, kumpisha mwenye mzigo, haitangoja mabati. Mteremsheni jioni akanyage mchanga. Mkija Mgogoni kuangalia ujenzi, njooni naye, afukie mbegu ya mpapai, amuone nyanya yake. Na baba apunguze safari moja ya fundi kwa mwezi akae naye sakafuni. Ukuta hautalia.

Nilimwambia kijana wangu maneno haya palepale juu ya mchanga, si kwa ufasaha huu. Hakunijibu. Alimkung'uta mwanawe miguu, akambeba, wakaenda kungojea gari.

Juzi kanipigia simu. Tuliulizana hali, akanipa habari za mdogo aliyekuwa na homa, kisha akanyamaza kidogo. Akasema ngazi za kwao zina vidato 42. Kapanda miaka mitano na hakuwa akijua. Mwanawe ndiye aliyemhesabia, kimoja kimoja, wameshikana mikono, na kila wakifika 29 mtoto hukosea wakaanza upya kutoka chini.