Mwani wa Jambiani na Bei ya Haki

Wali tulao twajua hutoka shambani. Lakini huko Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, ardhi ni mawe matupu, wala mpunga hauoti humo. Kwa hiyo kina mama wa huko huutafuta mchele wao baharini: tangu mwaka 1989, kilimo cha mwani kilipoanza kwa biashara katika pwani ile, hulima mwani, wakauza, wakanunua chakula.

Kazi yenyewe si mchezo. Maji yakitoka wakati wa bamvua, huingia baharini na kamba na vigingi, wakafunga mbegu moja moja, migongo wameiinamisha juani. Baada ya majuma 6 hivi huvuna, wakaubeba mzigo mzito hata ufukoni, wakauanika. Kilo 7 hivi za mwani mbichi zikikauka hubaki kilo 1 tu. Tena bahari imezidi joto, na ile aina yenye bei nzuri hufa kwa wingi katika maji ya kina kifupi.

Huenda mtu akasema: "Bei wamepatana, dhuluma iko wapi?" Baba Mtakatifu Leo XIII alikwisha kujibu mwaka 1891 katika Rerum Novarum: mapatano peke yake hayauhalalishi ujira. Anayekubali ujira usiomtosha kuishi, kwa kuwa aogopa lililo baya zaidi, ameonewa. Nasi twaona kuwa ndivyo ilivyo katika mwani pia. Asiye na ghala la kungojea bei nzuri hapatani na mnunuzi. Njaa ndiyo ipatanayo kwa niaba yake.

Dawa ipo. Mwaka 1961 Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika Mater et Magistra, aliwahimiza wakulima waungane katika vyama vya ushirika. Huko Paje, jirani na Jambiani, kina mama wengine husaga mwani wao na kutengeneza sabuni, ili thamani ya jasho ibaki kijijini.

Wengi wa kina mama hao ni Waislamu. Haki haiulizi dini ya mdai wake. Wala tusidhani kwamba neno hili lawahusu matajiri wa ng'ambo tu. Sisi sote hununua mpunga, samaki na mboga kwa maskini. Basi, ndugu, kabla hujamshusha mama bei, jiulize: je, ana nafasi ya kukataa? Kama hana, punguzo ulilolipata ni deni, na Mungu hulihesabu.