Sukari, Ndimu na Sabuni ya Zamani

Mtoto wa kaka yangu alianza Jumatatu. Kicheni pati yake ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, ukumbi umeshalipiwa, vitenge vya sare vimeshashonwa, na yeye akajitazama kwenye kioo cha bafuni akaona uso wake hauendani na shughuli. Chunusi tatu kidevuni, weusi kidogo mashavuni, basi. Akachukua sukari nusu kikombe, akakamulia ndimu mbili, akatia kijiko cha magadi yale tunayolainishia maharage, akakoroga. Mimi nilikuwa jikoni humo humo, nyumbani kwetu Kirumba, Mwanza, nachambua dagaa. Nilimwona. Nikamwambia ndimu nyingine ziko kwenye kapu.

Nayaandika haya kwa sababu ya hilo kapu.

Magadi yalipokutana na ndimu, povu lilipanda mpaka ukingoni mwa kikombe. Alifurahi, akasema, "Shangazi, ona inavyofanya kazi." Povu lile ni hewa ya ukaa inayotoka tindikali inapokutana na magadi, halijui uchafu wala uso. Lakini yeye aliliona kama ushahidi, akajipaka, akajisugua kwa kipande cha dodoki mpaka mashavu yakapata moto, akanawa, akaja kwangu mbio. "Gusa." Nikagusa. Uso ulikuwa mwororo kama shavu la mtoto aliyetoka kuogeshwa, na wala sitanii. Uororo ule wa siku ya kwanza ndio unaowarudisha watu kwenye kikombe siku ya pili na ya tatu.

Ngozi ya uso juu kabisa ina tabaka la seli zilizokufa, zimelaliana kama vigae vya paa, na katikati yake yako mafuta yanayozishikamanisha. Tabaka lenyewe ni jembamba kuliko karatasi ya daftari, na huo wembamba ndio ukuta wetu. Linazuia maji ya mwili yasipotee na vya nje visiingie. Seli mpya inazaliwa chini, inapanda polepole, inafika juu, inabanduka. Kwa kijana safari hiyo huchukua kama siku 28. Zilizokwisha muda wake unaziondoa kila asubuhi unaponawa, hata huzioni. Zilizobaki bado ziko kazini.

Chukua punje moja ya sukari uiweke juu ya ukucha wa kidole gumba, usogee dirishani. Ina pembe. Kingo zake zinang'aa kama kioo kilichovunjika vizuri. Kwenye kisigino punje hiyo haina la kufanya, kisigino cha mtu wa Mwanza kimezoea jiwe, na mawe tunayo ya kugawa. Wanawake wa Igombe wanasugua masufuria kwa mchanga wa ziwani yakametameta, sijasikia aliyelalamika. Ila sufuria halina chunusi. Kila chunusi ya mtoto yule ilipopita chini ya dodoki ilifunguka, na kila ilipofunguka ikabaki mlango. Ndimu nayo ni tindikali kali: kwa kipimo cha pH ngozi yenye afya iko karibu 5, juisi ya ndimu iko karibu 2, na magadi yako mbali upande wa pili, kupita 10. Alikuwa anaurusha uso wake huku na huku kati ya vitu viwili ambavyo hakuna hata kimoja ngozi inachokijua.

Jumatano alishinda sokoni Mwaloni, ananunua dagaa za biashara yake. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na pale ufukweni jua linakupiga kutoka juu halafu maji yanalirudisha linakupiga kutoka chini. Ndimu ina kemikali ambazo zikiwa kwenye ngozi na jua likazikuta, ngozi inaungua. Mtu anaweza asisikie chochote siku hiyo. Alhamisi jioni akawa na michirizi ya kahawia kutoka shavuni kushuka taya, imefuata mle mle juisi ilimochuruzika. Kwa sisi weusi kidonda cha ngozi hakiishii kwenye kidonda. Ngozi ikiumia inajitetea kwa kutoa rangi nyingi, ndiyo maana doa linalobaki ni jeusi kuliko lile ulilokuwa unalikimbia, na linaweza kukaa miezi.

Hapo ndipo mtu huacha, ungedhani. Zilibaki siku tisa. Ijumaa akaja na kikopo cheupe alichouziwa na dada mmoja mwenye meza ya vipodozi. Hakikuwa na jina la kilichomo, hakikuwa na tarehe, hakikuwa na alama ya TBS, shirika la viwango ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lililokabidhiwa usimamizi wa vipodozi nchini. Ndani mlikuwa na krimu ya rangi ya maziwa yaliyoganda, harufu ya ua ambalo silijui. Mkorogo. Kila mwanamke wa mji huu anaujua kwa jina hilo, na tunajua kitendo chake kinaitwaje pia: kujichubua. Neno ni lile lile la goti la mtoto aliyeanguka akachubuka. Lugha yetu ilishaona mapema kwamba kung'arisha ngozi na kuibandua ni jambo moja, sisi tukaendelea kulitamka bila kulisikiliza.

Krimu ile kwenye ngozi nzima ingeingia kidogo kidogo. Kwenye uso uliokuwa umesuguliwa siku nne mfululizo iliingia kama maji kwenye nyumba isiyo na mlango. Jumatatu aling'aa. Sisemi uongo, aling'aa, na majirani walimsifia, na mama yake akamsifia. Jumatano asubuhi aliamka macho yamevimba, mashavu mekundu kama yamemwagiwa uji wa moto, maji ya manjano yanatoka pale palipokuwa na chunusi. Hakuweza hata kulia, chumvi ya machozi ilimchoma.

Daktari wa ngozi alimkaribisha kiti, akamtazama, akasema, "Kikopo mmekuja nacho?" Tulikuwa nacho. Alikinusa, akakiweka pembeni, akachukua mikono ya mtoto akaigeuza, akavitazama vifundo vya vidole kimoja kimoja. Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akasema vifundo vya vidole, vifundo vya miguu na viwiko ndivyo vya mwisho kukubali krimu. Anayejichubua miaka mingi uso wake unaweza kukudanganya lakini vidole vinasema. Vya mtoto wetu vilikuwa safi, akashukuru. Akaeleza kwamba kwenye mikorogo ya namna ile mara nyingi kuna steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni, dawa halali kabisa ukipewa na daktari kwa ugonjwa wake na kwa siku zake, ambazo zikipakwa usoni ovyo zinaifanya ngozi iwe nyembamba, mishipa ionekane, chunusi ziote upya, na siku ukiacha uso unawaka. Au kuna haidrokwinoni, ambayo kwa matumizi ya muda mrefu inaweza kuacha vidoa vya weusi wa bluu visivyofutika. Au kuna zebaki. Kwa sababu ya hiyo ya mwisho akaandika apimwe mkojo, kuangalia figo.

Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe mama, hujawahi kutumia?"

Nikasema hapana.

Mwaka 1995 nilikuwa na miaka 19, na kwenye sahani ya sabuni ya nyumba yetu palikuwa na kipande ambacho tulikikata katikati kwa uzi, mimi na dada yangu, kisidumu cha mmoja kuliko cha mwenzake. Maandishi ya Ulaya, karatasi nzuri, harufu ya dawa. Tulijipaka povu usiku tukalala nalo, kwa maelekezo ya rafiki. Weusi ulipungua, tukaitwa warembo. Baada ya miezi mikono yangu ikawa inatetemeka nikishika kikombe cha chai, usingizi ukanikimbia, nikatibiwa malaria mara mbili. Sikuacha kwa akili yangu. Niliacha kwa sababu duka lililokuwa likituuzia liliishiwa.

Miaka ile ile timu ya Daktari Masazumi Harada kutoka Japani ilifika huku kwetu. Huyu ndiye aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake na wagonjwa wa Minamata, mji ambao kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, watoto wakazaliwa wameshaharibika. Kanda ya Ziwa ilikuwa na sababu ya kumleta: wachimbaji wadogo wa dhahabu wanakamatia dhahabu kwa zebaki kisha wanaichoma kwenye bati, moshi unapanda mbele ya pua zao, na hofu ilikuwa sumu hiyo imeshafika ziwani na kwenye samaki. Walipima nywele za wachimba dhahabu 150, wavuvi na familia zao 103, na wakazi 19 wa jiji la Mwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Wako waliokutwa na zebaki nyingi mno, na baadhi yao hawakuwa wachimbaji. Walikuwa watu wa nyumbani kwa wavuvi na watu wa mjini. Walipofuatiliwa, njia ikaishia bafuni, kwenye sabuni ya kuogea yenye takriban asilimia 2 ya iodidi ya zebaki.

Niliposoma habari hiyo, miaka mingi baadaye, nilikaa kitandani nikahesabu. Sijui kama kuna unywele wa mtu ninayemjua kati ya zile nywele walizopima. Najua sahani yetu ya sabuni.

Zebaki inaizuia ngozi kutengeneza rangi, ndiyo siri yake yote. Ikishamaliza kazi hiyo haiishii hapo; inashuka na damu mpaka kwenye figo, na kwenye neva pia. Nairobi walishaliona mapema: mwaka 1972 madaktari wa huko waliandika kuhusu wagonjwa 60 waliovimba mwili kwa figo kupitisha protini kwenye mkojo, na 32 kati yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha. Karibu nusu ya wale waliofuatiliwa walipata nafuu. Huko Ulaya sheria ilipiga marufuku zebaki kwenye vipodozi vya watu wao tangu mwaka 1976, lakini sabuni za kusafirishwa nje ziliendelea kutengenezwa, na marufuku ya kuziuza nje ilikuja mwaka 2003. Hiyo miaka 27 ya katikati inaniuma kuliko chochote, maana ujana wangu umo humo. Leo Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji ule ule wa Daktari Harada, unakataza vipodozi vya zebaki katika nchi zote zilizouridhia. Kikopo cheupe kisicho na jina hakijausoma.

Mkojo wa mtoto ulikuwa salama. Kicheni pati ikaahirishwa miezi miwili, kamati ikanuna, wazazi wakagharamika. Dawa alizopewa zilikuwa chache, na sehemu kubwa ya matibabu ilikuwa kuacha: asisugue, asipake ndimu, asitie chochote kinachowasha, maji ya kawaida, sabuni isiyo na manukato, mafuta ya mgando usiku, kofia pana mchana hata mawingu yakiwepo. Wiki tatu za kwanza zilikuwa za mateso. Alifunika kioo cha bafuni kwa khanga.

Ngozi ilipofunga, alimuuliza daktari kama hatasugua uso tena maisha yake yote. Akajibiwa kwamba anaweza, kama anataka, mara moja kwa wiki: kitambaa laini cha pamba kilicholowa maji ya uvuguvugu, ncha za vidole, dakika moja, bila kukandamiza, asipite juu ya chunusi, kisha mafuta kabla uso haujakauka. Kitu kipya akijaribu kwanza kwenye mkono wa ndani, asubiri siku mbili. Wenzetu wa Pwani wana singo na liwa zao za kumwandaa bibi harusi, na mafundi wa kazi hiyo wanasaga mpaka unga uteleze kati ya vidole. Hakuna punje yenye pembe inayofika shavuni. Nimeanza kuamini kwamba wale bibi walijua kitu.

Tulikuwa tunarudi nyumbani, tumekaa kiti cha nyuma cha daladala, aliponiuliza bila kunitazama. "Shangazi, siku ile daktari alipokuuliza, mbona ulinishika mkono kwa nguvu?"

Nikamwambia. Sabuni, uzi, kikombe kilichotetemeka, yote. Alinyamaza mpaka tukashuka. Kisha akasema, "Ungeniambia Jumatatu ile." Sikuwa na jibu, na bado sina.

Kwa mila shangazi ndiye anayesimama kumfunda mtoto wa kaka yake. Siku ya shughuli nilikuwa na maneno yangu ya kawaida ya mume, jikoni na wakwe, nimeyasema kwa wengine kabla yake. Mtoto alikaa mbele, uso wake una doa moja refu la kahawia chini ya shavu la kushoto. Alimkatalia mpambaji asilifunike. Nikaweka karatasi yangu mezani. Nikaanza kusimulia sabuni: karatasi yake, rangi yake, harufu yake. Kabla sijafika kwenye jina, mama mmoja wa meza ya mbele alilitaja kwa sauti ya chini, na kutoka nyuma mwingine akaitikia. Aliyekaa karibu naye alikuwa mweupe, mzuri, mikono ameilaza juu ya kitambaa cha meza, vifundo vya vidole vyeusi tii. Alivivuta polepole, akaviweka chini ya kitenge.