Popo wa darini: Tuwatoe, lakini tusiwadhulumu

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (SW), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aliyetumwa kuwa rehma kwa walimwengu wote.

Ndugu zangu Waislamu, leo naomba nianze kwa kukiri kosa. Mwaka mmoja, mwezi wa Januari, mvua zikiwa zimekolea hapa Singida, vijana wa msikiti tunaoswali walinifuata baada ya swala ya Alfajiri. Popo walikuwa wamejaa darini. Kila asubuhi kulikuwa na kinyesi juu ya zulia, na harufu ya mikojo ilikuwa inawakera waumini. Wakaniuliza, "Ustadhi, tufanyeje?" Nilikuwa nimeshika viatu mkononi, nawahi vipindi. Nikajibu nikiwa nimesimama: nyumba ya Allah haikai najisi, zibeni matundu yote.

Wakaziba mchana huo huo kwa saruji na vipande vya magunia, popo wote wakiwa ndani wamelala. Usiku ule tulisikia vishindo na vilio juu ya vichwa vyetu wakati wa Isha. Siku ya pili vilio vikapungua. Siku ya tatu vikaanza kudondoka vichanga vya popo, visivyo na manyoya, kupitia ufa wa dari. Bibi mmoja anayetusaidia usafi alikizoa kimoja kwa kizoleo cha taka, akaja nacho hadi nilipokaa, akasema, "Mwanangu, hivi hawa nao walikosa nini?"

Sikuwa na jibu. Kisha ikaja harufu ya mizoga, ambayo haikuwa na mfano wa ile ya mikojo, na kwa zaidi ya wiki moja tukaswali nje uwanjani. Najisi tuliyoikimbia tuliizidisha kwa mikono yetu wenyewe.

Swali la bibi yule ndilo lililonirudisha kwenye vitabu. Niliyoyakuta nayaandika hapa kwa sababu najua nyumba nyingi za mijini, kuanzia Tanga, Dar es Salaam na Unguja hadi huku kwetu bara, zina mgeni huyu darini.

Kwanza, hadhi ya kiumbe mwenyewe. Allah (SW) ametufahamisha katika Surat al-An'am, aya ya 38, kwamba wanyama watembeao ardhini na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma mfano wetu sisi. Umma una haki zake. Mtume (SAW) aliwataja wanyama waharibifu wanaoruhusiwa kuuawa, kama nge, panya na mbwa mkali, na popo hakutajwa miongoni mwao. Bali Imam Bayhaqi amepokea kutoka kwa Sahaba Abdullah bin Amr (RA), ikiwa ni kauli yake Sahaba huyo, katazo la kuua chura na popo.

Pili, na hapa ndipo niliposhtuka zaidi, ni suala la watoto. Katika Hadith ya Ibn Mas'ud (RA) iliyopokewa na Abu Dawud, Masahaba wakiwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege, mama yake akawa anapiga mbawa kwa huzuni. Mtume (SAW) alipomuona aliuliza nani aliyemsononesha ndege huyu kwa watoto wake, akaamuru arudishiwe. Katika Hadith hiyo hiyo aliona kichuguu cha sisimizi kilichochomwa moto, akabainisha kwamba hapasi kuadhibu kwa moto ila Mola wa moto. Ndugu msomaji, wangapi miongoni mwetu tunawafukiza popo kwa moshi wa matairi, au kuwamwagia sumu na mafuta ya taa?

Tatu ni suala la najisi, ambalo ndilo nililolitumia kama hoja. Sisi wengi hapa Afrika Mashariki tunafuata madhehebu ya Imam Shafi. Katika Fath al-Mu'in, kitabu cha Sheikh Zaynuddin al-Malibari ambacho masheikh wetu wa mwambao wamekisomesha kwa vizazi, imebainishwa kwamba kinyesi na mikojo ya popo ni katika vinavyosamehewa, mahali, nguoni na mwilini, hata vikiwa vingi, kwa sababu ya ugumu wa kujikinga navyo. Ina maana swala zetu zilikuwa sahihi! Hii si ruhusa ya kuacha msikiti mchafu, la hasha. Kusafisha ni wajibu wetu. Lakini sheria ilikuwa imetupa nafasi ya kusubiri mpaka mvua ziishe na watoto wakue. Allah alitupa muda, sisi tukakosa subira. Na mimi niliyeulizwa nilijibu bila kurejea elimu.

Wapo watakaosema: Ustadhi, popo wana maradhi. Ni kweli, na Uislamu haumtaki mtu akae na madhara. Kanuni iliyomo katika Hadith ni kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Mwezi Machi 2023 nchi yetu ilitangaza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, na Januari 2025 ukatangazwa tena huko huko, wilayani Biharamulo. Kirusi chake hubebwa na aina ya popo walao matunda wanaoishi mapangoni na migodini. Hawa wa darini kwetu kwa kawaida ni aina nyingine, wadogo, walao wadudu.

Hata hivyo, je, kuua ndiyo dawa? Tuwatazame majirani zetu wa Uganda. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka waliugua Marburg, na baada ya hapo popo wa mgodi ule wakaangamizwa. Mwaka 2012 ugonjwa uliibuka tena katika eneo lile. Watafiti waliporudi mgodini walikuta popo wamerejea, wachache kuliko zamani, lakini sehemu ya waliobeba kirusi ilikuwa imeongezeka, kutoka takriban 5 katika kila 100 hadi takriban 13. Dhulma haikuleta usalama.

Tukumbuke pia manufaa yao. Popo wadogo hula wadudu usiku kucha, na wale walao matunda huchavusha maua ya mibuyu, ambayo huchanua usiku. Ubuyu tunaoununua sokoni una mkono wa popo ndani yake. Ndugu zetu wa Pemba wamelielewa jambo hili kabla yetu. Popo mkubwa wa kisiwa kile, asiyepatikana kwingine duniani, aliwindwa na misitu yake ikakatwa hadi akakaribia kutoweka. Wanavijiji, Waislamu kama sisi, wakasimama kumlinda, kama pale Kidike, na idadi yake ikapanda hata mwaka 2008 akaondolewa katika daraja la walio hatarini kabisa.

Basi tufanyeje? Nilipata funzo kwa kuuliza wajuzi, na msimu wa kiangazi uliofuata, popo wengine waliporudi kupitia tundu jipya, tulifanya hivi:

Tulisubiri mvua ziishe na vichanga viweze kuruka, kwani popo wa darini wengi huzaa majira ya mvua, wadudu wanapokuwa tele. Kisha tukakaa nje baina ya Maghrib na Isha, tukitazama wanapotokea. Wakati huo wanatoka mmoja mmoja, na tundu lenye upana wa kidole tu linawatosha. Tukaziba matundu mengine yote, tukaacha lile wanalolitumia zaidi.

Juu ya tundu hilo tukatundika kipande cha wavu wa matundu madogo, tukakibana juu na pembeni, chini tukakiacha wazi, kikaning'inia kiasi cha nusu mita. Popo akitoka huteremka na kutokea chini ya wavu. Akirudi hulifuata tundu alilolizoea, akakuta hapapitiki, akaenda zake kutafuta pengine. Baada ya wiki moja, tulipohakikisha hakuna sauti darini wala anayetoka jioni, tukaziba kabisa kwa saruji. Hakufa hata mmoja.

Kinyesi kilichobaki tulikilowesha maji kabla ya kukizoa, tukavaa barakoa na glavu, kwani vumbi lake likikauka laweza kudhuru mapafu. Na popo asishikwe kwa mkono mtupu. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha wahi hospitali, kwani kichaa cha mnyama si jambo la kungojea.

Sheria za nchi nazo tuzizingatie. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayopinga ukatili, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Wakiwa wengi kupita uwezo wako, nenda ofisi ya maliasili ya wilaya ukaombe ushauri kabla ya kununua sumu dukani.

Ndugu zangu, Mtume (SAW) ametufundisha kwamba Allah ameandika ihsani katika kila jambo, hata katika kuchinja. Mwanamke mmoja aliingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula wala kumwacha ajitafutie. Mimi niliamuru umma mzima ufungiwe, tena ndani ya nyumba ya Allah. Namuomba Yeye aliye Mwingi wa msamaha anisamehe, na nawaomba wanaoulizwa, kama nilivyoulizwa mimi, wasijibu wakiwa wameshika viatu.

Wallahu a'lam.