Ugumu wa Mtambo ni Kosa la Nani?

Mtu akishindwa kuitumia kompyuta, aghalabu hujilaumu mwenyewe. Husema hakusoma vya kutosha, au umri wake umepita. Na wajuzi walio karibu naye huafiki kimya kimya. Nataka tuipime hukumu hiyo, ewe msomaji, maana naiona ina dhuluma ndani yake.

Katika kila kompyuta mna programu kuu inayozitawala nyingine zote, ipokeayo amri za mtumiaji na kuzifikisha penye kazi. Huitwa mfumo wa uendeshaji. Mmojawapo ni Unix, ulioanza mwaka 1969 katika maabara ya Bell, Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Amri zake ni fupi ajabu. Atakaye kufuta faili huandika herufi mbili tu, rm, kisha jina la faili. Nayo hutoweka bila mwenyewe kuulizwa kama ana hakika. Mashine za kuandikia amri siku zile zilikuwa nzito na za polepole, hata kila herufi iliyopunguzwa ilikuwa nafuu. Tena waliozitunga walijitungia wao na wenzao. Hapo hapakuwa na kosa: ajijengeaye kibanda halazimiki kukipima kwa kimo cha mgeni.

Lakini wageni walikuja. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland, alianza Linux, mfumo uliofuata desturi za Unix, akautoa bure ili yeyote ausome na kuubadili. Ukarimu mkubwa huo! Walakini kwa miaka mingi aliyetaka kuuweka katika kompyuta yake ilimpasa kujua mambo ambayo karani au muuguzi hana haja nayo, kama vile jinsi ya kuigawa diski. Alipouliza, mara nyingi aliambiwa akasome kwanza kitabu cha maelezo. Zawadi iliwekwa juu ya mti, na asiyeweza kupanda akaitwa mvivu. Sisi walimu twaijua tabia hii: somo lisipoeleweka, ni rahisi kulilaumu darasa kuliko kulitafutia somo njia ya pili.

Njia ya pili ilitafutwa. Mwaka 2004 ulitoka Ubuntu, kwa uongozi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Haukuwa mfumo mpya, kwani ulijengwa juu ya Debian, aina ya Linux iliyoanza mwaka 1993. Jipya lilikuwa nia ya kumfikiria mtu wa kawaida. Jina lenyewe, katika Kizulu na Kixhosa, maana yake ni utu. Na hadi mwaka 2011 diski zake zilipelekwa kwa posta, bila malipo, kwa walioziomba.

Wapo wasemao kwamba urahisi humlemaza mtu. Hoja yao si ya kupuuzwa. Simu nyingi za leo hutumia Android, ambayo kiini chake ni Linux, na mtoto huzifungua bila kufundishwa. Lakini mwulize faili zake zimekaa wapi, au ni programu ipi inayofuatilia mahali alipo, naye atanyamaza. Tena simu nyingi huuzwa zikiwa zimefungwa, hata mwenye mali asiweze kuubadili mfumo wake. Huo ni urahisi wa mgeni aliyekaribishwa sebuleni akakatazwa vyumba vingine, ilhali nyumba ni yake!

Sasa irudie ile amri ya kufuta. Mfumo ungeweza kuuliza kila mara, lakini mtu aulizwaye kila mara hujibu ndiyo pasipo kusoma. Ungeweza kukataza kabisa, na huko kungekuwa kumdharau. Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na kikapu cha taka katika kioo chake, na Ubuntu unacho pia: kilichotupwa humo hungoja mpaka mwenyewe akimwage kikapu, na akijuta kabla ya hapo hukiokota. Na mjuzi azitakaye zile herufi mbili za Unix, bado anazo. Hufungua dirisha la amri akaziandika.