Kitabu cha Kutamani: Je, Tamaa Yote ni Dhambi?

Jumapili iliyopita tulifundishwa amri ya kumi, na kama kawaida yetu mafundisho yaliendelea nje kwenye chai. Wengi waliokuwa karibu nami walikubaliana kwamba tamaa ni mbaya, kwisha maneno. Mimi nilinyamaza, maana kuna jambo limekuwa likinisumbua kwa miaka, na leo nimepewa nafasi niliandike hapa.

Linaanza na lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina neno kutamani, na neno hilo linabeba mizigo miwili. Tunasema tamaa mbele, mauti nyuma, na kila mtu anaelewa kwamba tamaa inaua. Lakini mtu aliyeishiwa na matumaini, yule anayelala mchana akiangalia ukuta, tunasema amekata tamaa. Na huyo tunamwombea! Tunamwekea mikono, tunafunga kwa ajili yake, ili asikate tamaa. Sasa, kama tamaa ni dhambi tupu, mbona tunalia mtu akiikata? Tena fungua Luka 22. Bwana Yesu mwenyewe anawaambia wanafunzi wake kwamba ametamani sana kula Pasaka ile pamoja nao kabla hajateswa. Neno ni lile lile la Kutoka 20. Hata ukienda kwenye Kiyunani utakuta hivyo hivyo, si watafsiri wetu walioteleza.

Swali hili sikulipata darasani. Nililipata kazini, Marekani, katika jimbo la Minnesota, ambako kwa miaka sita nilitunza wazee. Wengi wetu tuna ndugu wanaofanya kazi hiyo, kwa hivyo sihitaji kuieleza sana. Unawaosha, unawalisha, unawageuza kitandani, na katikati ya hayo unasikiliza. Wazee wale walisahau mengi. Wengine walisahau majina ya watoto wao. Lakini ikifika Novemba, theluji ikianza kuanguka, kulikuwa na kitu kimoja ambacho ukikitaja macho yao yanawaka: kile kitabu cha Krismasi kilichokuwa kikija kwa posta walipokuwa watoto.

Niwaeleze kidogo, kwa sababu hapa kwetu hatukuwa nacho. Kulikuwa na kampuni ya Chicago iliyoitwa Sears. Mwenye jina hilo, Richard Sears, alizaliwa huko huko Minnesota. Alikuwa karani wa stesheni ya reli, na mwaka 1886 akaanza kuuza saa pembeni. Baadaye akawa anauza karibu kila kitu kwa njia ya katalogi, yaani kitabu kikubwa chenye picha na bei: majembe, nguo, majiko, hata nyumba nzima iliyokatwa mbao tayari kwa kujengwa. Mkulima aliyekuwa mbali na mji alichagua, akatuma pesa, mzigo ukaja. Posta ya Marekani ilikuwa imeanza kufikisha barua hadi mashambani mwaka 1896, na vifurushi mwaka 1913, ndiyo maana biashara hiyo ikashika.

Halafu mwaka 1933 kampuni ikatoa kitabu cha Krismasi peke yake. Angalia mwaka huo. Marekani ilikuwa katika shida kubwa ya uchumi, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Na katikati ya njaa hiyo kinakuja kitabu chenye picha za mwanasesere, treni za umeme, saa za mkononi za Mickey Mouse, keki za matunda, maboksi ya chokoleti, na hata ndege hai waimbao. Watu walikiita kitabu cha kutamani, kwa Kiingereza Wish Book, na mwaka 1968 kampuni yenyewe ikaandika jina hilo kwenye jalada. Wakati huo kilikuwa kimenenepa kupita kurasa 600.

(Wazee walinichekesha kwa jambo moja. Katalogi ya zamani ilipopitwa na wakati haikutupwa. Ilipelekwa choo cha nje, na huko ikamaliza kazi yake. Nikawaambia hata sisi gazeti la jana tunajua lilikoenda.)

Kulikuwa na mama mmoja wa miaka 87. Wenzangu walimwita kwa jina lake la kwanza, ndivyo walivyozoea huko, lakini ulimi wangu ulikataa, nikawa namwita Mama tu. Alikulia shambani, watoto watano. Alinieleza kwamba kitabu kilipofika waliweka blanketi sakafuni karibu na jiko la kuni, wakalala kifudifudi wote watano. Mkubwa ndiye aliyefunua kurasa. Sheria ilikuwa hii: kila kurasa mbili zilizofunuliwa, kila mtoto anachagua kitu kimoja tu, na kilichochaguliwa na mwenzako huwezi kukigusa. Basi walibishana, walibadilishana, mmoja anamwambia mwingine nikuachie baiskeli uniachie treni. Jioni baada ya jioni, mpaka kurasa zikalegea. Yeye alikuwa na mwanasesere wake, ukurasa aliujua kwa namba. Krismasi yenyewe ilipofika kila mtoto alipata chungwa moja na soksi za sufu zilizofumwa na mama yao. Mwanasesere hakuwahi kuja, mwaka huo wala mwaka mwingine.

Nilimwuliza kama alihuzunika. Alinitazama kama mtu ambaye hajaelewa swali. Akasema, "Nilikuwa naye Novemba yote."

Jibu hilo nilitembea nalo muda mrefu. Mwanzoni nililiona kama maneno ya mzee aliyeamua kujifariji. Lakini nilipoendelea kumsikiliza niliona kwamba hakuwa anamzungumzia mwanasesere hasa. Alikuwa anazungumzia blanketi lile, na ndugu zake wanne, ambao wote walikuwa wametangulia. Alikumbuka alichotaka kila mmoja wao. Hebu jiulize, wewe unajua ndugu yako wa pili alitamani nini alipokuwa na miaka tisa? Mimi wangu sijui.

Mzee mwingine alikuwa Mwamerika Mweusi aliyezaliwa Mississippi, siku zile za ubaguzi wa kisheria. Mama yake alipoingia dukani mjini alingoja mpaka wazungu wote wahudumiwe, hata kama yeye ndiye aliyetangulia. Na muuzaji akiamua kwamba kitu fulani ni kizuri mno kwa mtoto mweusi, basi. Lakini katalogi, aliniambia, haikuangalia uso. Bei iliyoandikwa ndiyo bei, kwa kila mtu. Kwa mtoto yule, kuweka kidole juu ya picha na kusema nataka hii, bila mtu kumcheka, lilikuwa jambo la heshima. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba kutamani ni dhambi, utakuwa unasema neno moja na wale waliomfungia mlango.

Sasa nisije nikaonekana nasifu katalogi. Ilitengenezwa ili iuze, na waliotengeneza hawakuwa wanaendesha Shule ya Jumapili. Kuna waliochukia kitabu kile. Mwanaume mmoja, aliyekuwa fundi wa mabomba maishani mwake, alisema kwao hakikuonekana kabisa. Majirani walikipata, wao hapana, na mama yake alisema posta wamesahau. Kumbe mama alikuwa anakichukua kwenye sanduku la barua kabla watoto hawajatoka shule na kukificha chini ya godoro, maana hakuweza kuvumilia nyuso zao. Hilo aligundua miaka mingi baadaye, mama alipofariki na wao wakaja kuondoa vitu ndani ya nyumba. Walikuta vitabu vitatu vya miaka tofauti. Na ndani, kando ya picha, kulikuwa na alama za penseli: herufi ya kwanza ya jina la kila mtoto. Mama alikuwa amekaa peke yake akiwachagulia.

Huyo mama simlaumu. Mzazi ambaye hajawahi kubadilisha njia ili mtoto asipite mbele ya duka fulani, huyo amebarikiwa na hajui. Lakini nikiulizwa, nasimama na yule mama mwingine aliyeacha kitabu sakafuni. Watoto wake hawakupata zaidi, chungwa ni chungwa. Walichopata ni kutamani wakiwa pamoja, mbele ya wazazi, bila aibu. Yule fundi na ndugu zake walitamani pia, nyumbani kwa jirani, kila mmoja kivyake na kwa siri. Na mama yao naye kivyake chumbani. Nyumba nzima inatamani na hakuna anayemwambia mwenzake.

Hapo ndipo naona amri ya kumi inapolenga. Isome tena polepole. Inataja nyumba, na ng'ombe, na punda, lakini neno linalorudiwa mara tatu ni jirani. Mungu hakusema usitake nyumba. Alisema ile ya jirani yako. Dhambi inaingia pale ambapo kitu ninachokitaka kina mwenyewe, na mimi naanza kumwangalia mwenyewe kwa jicho baya. Ndiyo maana nasema kitabu kile, pamoja na ubiashara wake wote, kilikuwa na afadhali moja: ndani yake hakukuwa na jirani. Mwanasesere wa ukurasani hakuwa wa mtu. Ungeweza kumpenda bila kumchukia yeyote.

Kuna atakayenikumbusha Mhubiri 7:10, pale tunapoonywa tusiulize kwa nini siku za kale zilikuwa bora kuliko hizi. Ni kweli, na wazee wale hawakusema zilikuwa bora. Walikumbuka baridi, walikumbuka ndugu waliokufa kwa magonjwa ambayo leo yana chanjo. Hakuna aliyetaka kurudi. Lakini ladha ya kungoja waliikosa, na wenye biashara wanalijua hilo. Katalogi kubwa ya Sears ilisimamishwa mwaka 1993, na mwaka 2018 kampuni ikaenda mahakamani kwa kufilisika. Mwaka huo huo Amazon, ambao kila kitu chao kiko kwenye intaneti, wakaanza kuchapisha kitabu cha vitu vya kuchezea na kukituma majumbani kabla ya Krismasi. Karatasi! Na watu wazima hununua nakala kuukuu za Wish Book, si ili waagize chochote, wakae tu wafunue.

Turudi kwetu. Watoto wetu hawana katalogi, wana simu ya mama. Na simu inatofautiana na kile kitabu kwa mambo ambayo mzazi anafaa kuyaona. Kitabu kilikuwa na ukurasa wa mwisho. Ukifika hapo unafunga, unaenda kukamua ng'ombe. Simu haina mwisho, ukitazama kiatu kimoja inakuletea ishirini. Kitabu kilikuja mara moja kwa mwaka. Simu iko mkononi hata ibada ikiendelea, na hapa sitaji mtu. Lakini kubwa kuliko yote, ndani ya simu jirani amejaa tele. Mtoto haoni baiskeli tu, anaona binamu yake wa Nairobi akiwa juu ya baiskeli, na keki nyuma, na maputo. Sisi wakubwa je? Tunaangalia stetasi ya mtu tuliyesoma naye, amesimama mbele ya gari. Hatukuwa hata na haja ya gari asubuhi ile. Ni nani kati yetu ambaye kabla ya kulala hajafunua kurasa za nyumba ya jirani?

Kwa hivyo wiki hii shule zikifungwa, sipendekezi tuwaambie watoto wasitamani. Hawataacha, watatuficha tu. Napendekeza tukae nao chini, simu ikiwa imezimwa, na karatasi. Kila mtu aseme kimoja, na baba na mama pia waseme. Wengine watashangaa kusikia mama anataka nini, maana hajawahi kuulizwa. Kisha kubishana kuwepo, na kuachiana.

Na ukweli wa mfuko usemwe hapo hapo. Januari iko karibu na karo haijangoja mtu. Kama mwaka huu ni chapati na soda na nguo za mtumba zilizopigwa pasi vizuri, mtoto aambiwe sasa hivi, si mkesha wa Krismasi usiku akiwa amekaa mlangoni anangoja matatu ya mwisho. Watoto wanaweza kubeba hapana. Wasichoweza kubeba ni kuambiwa posta wamesahau.