Waya shingoni mwa mbwa: maumivu yanafundisha nini?



Wengine wameniuliza kwa nini shemasi anashughulika na mambo ya mbwa wakati watu wenyewe wana shida nyingi. Swali hilo ni la haki. Nitalijibu kwa kuungama kosa langu kwanza.

Hapa kwetu Luhwindja mbwa wa kulinda nyumba anafungwa mchana kutwa. Kamba anaitafuna, kwa hiyo tunatumia waya, na wengine wanaupinda kama kitanzi ili mbwa akivuta ukaze koo lake. Mimi nilifanya hivyo. Mbwa wangu alikuwa akiwabwekea watoto wanaopita kwenda kuteka maji, na kila alipobweka nilivuta waya. Baada ya muda akanyamaza. Nikajisifu mbele ya majirani kwamba mbwa wangu ameelimika.

Siku moja mtoto wa jirani alitumwa kwetu kuomba chumvi. Mbwa hakubweka, wala hakunguruma. Alimrukia tu na kumng'ata mguu.

Tulikiosha kidonda kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha tukampeleka kituo cha afya apate chanjo, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna mtu anayepona. Namshukuru Mungu, mtoto ni mzima. Lakini neno la mama yake limenibakia moyoni: “Papa Shemasi, si wewe ulisema mbwa huyu ameelimika?”

Basi mbwa huyu alikuwa amejifunza nini? Nimelifikiri sana jambo hili. Mimi nilidhani ninamwambia “usibweke.” Mbwa hakujua fikira zangu, alijua tu mambo yaliyokuja pamoja. Mtoto anatokea, koo linakazwa. Mtoto mwingine anatokea, koo linakazwa tena. Kwa akili yake mtoto ndiye anayeleta maumivu. Tena nilimnyang'anya onyo lake, kwa sababu kunguruma ni namna ya mbwa ya kusema “usinikaribie, naogopa.” Hofu ilibaki ndani, sauti tu ndiyo iliyoondoka. Ng'ambo wametengeneza mikanda yenye miiba ya chuma, na mingine yenye umeme, ambayo mwenye mbwa anabonyeza kidude mkononi na mnyama anashtuka. Ufundi umezidi wetu, kosa ni lile lile. Nchi ya Wales iliikataza ile ya umeme tangu mwaka 2010.

Someni Hesabu 22. Balaamu alikuwa mtu wa maono, na sisi wa kanisa la kinabii tusipite hapo haraka. Alimpiga punda wake mara tatu kwa sababu punda alikataa kwenda. Punda alikuwa amemwona malaika mwenye upanga. Mwenye maono hakumwona. Kukataa kwake ndiko kulikomwokoa bwana wake. Na malaika aliposema na Balaamu, jambo la kwanza alilomwuliza ni habari ya zile fimbo tatu, kabla ya kumwambia kwamba njia yake ni mbaya. Tangu nilipoliona hilo, ile Mithali 12:10 juu ya mwenye haki na mnyama wake siisomi tena kama neno dogo.

Mzee mmoja wa ibada alinipinga kwa Mithali 13:24, penye fimbo ya mtoto. Wengine hujibu kwamba fimbo ile ni ya mchungaji, ya kuongoza kundi. Labda. Mimi nilimjibu hivi: mtoto unaweza kumweleza alichokosa, naye akakuuliza, akakubali au akalia. Mbwa huwezi kumweleza. Adhabu isiyoweza kuelezwa, kwake yeye anayeipokea, ni maumivu tu.

Na sisi tunaijua habari ya fimbo. Tarehe 3 Oktoba 1921 Papa Simon Kimbangu alihukumiwa fimbo 120 na kifo. Mfalme wa Wabelgiji aligeuza kifo kuwa kifungo cha maisha, naye alifia gerezani Elisabethville, leo Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951. Simlinganishi mtu wa Mungu na mbwa, asisome mtu hivyo! Ninasema juu ya mkono ulioshika fimbo. Mkono ule uliamini kwamba watu wakinyamaza wametii. Waamini walisali kwa siri miaka yote ile, na Desemba 1959 serikali yenyewe ikalitambua kanisa. Mimi mtoto wa kanisa hilo nilishika waya, nikaamini neno lile lile.

Sasa niseme nilichofanya. Kidonda cha shingo nilikiosha kwa maji ya chumvi mpaka kikafunga. Mama nyumbani alishona mkanda mpana wa kitambaa unaopita kifuani, si shingoni. Waya ule ule niliutandika juu kutoka mti mmoja hadi mwingine, na kamba inateleza juu yake, hivi mbwa anatembea. Halafu kijana wangu mkubwa alisimama mbali, kwenye migomba. Mbwa akimwona, kabla hajabweka, nampa sambaza mmoja mkavu. Kijana akiondoka, sambaza zinakwisha. Kila siku tulisogea kidogo. Akibweka, tulijua tumeharakisha, tunarudi nyuma. Ilichukua miezi miwili. Atakayesema sambaza ni ghali, bugali la jana linafaa vilevile.

Wala si jambo la kuchekwa. Kule Morogoro, Tanzania, wanafundisha panya wakubwa kunusa mabomu yaliyofukiwa, kwa mlio mdogo na kipande cha ndizi, bila kuwapiga. Panya hao walisaidia Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kwamba imesafishwa mabomu ya ardhini. Ikiwa panya anafundishika kwa ndizi!

Mtoto yule hatukumtumia katika mazoezi yetu. Mpaka leo akitumwa kwetu anasimama barabarani na kuita, na mimi ndiye ninayetoka kumpelekea chumvi.